Wakuu wa Mwanza: mboga nimefunga kwenye chupa mwenyewe, mfuniko mmoja umevimba. Nile au nitupe?

BintiKayenze · Jumatano, saa 2:40 usiku

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba msaada kabla ya Jumapili.

Nina kabustani Kayenze, pale pale ufukweni, namwagilia kwa pampu kutoka ziwani. Msimu huu bamia na mahindi vilikomaa kwa pamoja, na nyanya zikaiva wiki ambayo tenga pale Kirumba halikuwa na hata mtu wa kuuliza bei. Nikasema mwaka huu situpi kitu. Nikaingia YouTube, nikamkuta bibi mmoja wa Marekani ana stoo nzima, ukuta mzima chupa za mboga za kila rangi, anasema zinakaa mwaka bila friji. Na umeme wetu mnaujua.

Nikanunua chupa za kioo, zile za jamu, na mifuniko mipya ya kusokota. Nikaosha, nikachemsha chupa tupu, nikajaza mboga na maji ya chumvi, nikafunga, nikazipanga kwenye sufuria la harusi juu ya mkaa. Maji yamezifunika, yakatokota saa moja na nusu. Nilipozitoa zikaanza kulia moja moja, tk, tk, mifuniko inavutwa ndani. Nilijiona fundi kweli kweli.

Zilikuwa chupa 34: bamia 14, punje za mahindi mabichi 9, na rojo 11 (nyanya, vitunguu, hoho, karoti, saumu). Hii ni wiki ya tatu.

Leo nimeingia stoo nikakuta chupa moja ya mahindi mfuniko umevimba juu, ukiubonyeza unarudi. Nyingine zote ziko sawa, mfuniko umebonyea ndani, maji hayana povu. Jumapili tuna kipaimara cha mtoto wa dada yangu, watu kama 60, na mimi ndiye niliyejitolea kuleta saladi: mahindi, nyanya, kitunguu, parachichi. Nilitegemea hayo mahindi.

Hiyo moja nitupe? Nane zilizobaki zinafaa? Bamia tumeshakula chupa mbili, hakuna aliyelalamika.

---

Mtu_wa_Mwaloni · saa 2:52

Saladi ya kipaimara isije ikawa ya matanga. Naweka kigoda hapa nasubiri wataalamu.

---

Kachumbari1968 · saa 3:05

Tupa hiyo moja, nane piga. Saa moja na nusu kwenye maji yanayotokota! Kuna mdudu gani wa kustahimili hapo? Watu wa siku hizi mmelishwa hofu. Sisi tumekulia kiporo cha ugali na furu wa juzi, na meno bado yapo.

---

Ubora_Nyakato · saa 3:31

Dada Kayenze, usipeleke hayo mahindi kanisani. Wala hiyo iliyovimba, wala hizo nane zenye mfuniko mzuri. Mimi nilisomea sayansi ya chakula na kazi yangu ni udhibiti wa ubora kiwandani, kwa hiyo nivumilie kidogo nikueleze kwa nini, maana ukiambiwa "tupa" tu utaona nakutupia jasho lako.

Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo, wa Kayenze, wa Ukerewe, wa popote, na kwenye tope la ziwa pia. Akiwa udongoni hana shida na mtu. Mazingira yakimkataa anajifunga kama mbegu yenye ganda gumu, kitaalamu tunaita spora. Ukila karoti isiyooshwa vizuri unazimeza na zinapita tu, mtu mzima hadhuriki. Shida inaanza spora ikipata mambo manne kwa wakati mmoja: unyevu, joto la chumbani, chakula kisicho na uchachu, na mahali pasipo na hewa.

Sasa itazame chupa yako. Mahindi hayana uchachu. Maji yamo. Stoo ya Mwanza ni ya joto. Na ile tk tk iliyokufurahisha ni hewa iliyotoka na mfuniko ukafunga. Kuchemsha kumeua bakteria wengine wote, wale ambao wangechachusha ukasikia harufu, au ukungu ambao ungeuona kwa macho. Umewafukuza majirani wote, ukamwachia nyumba mpangaji mmoja asiyehitaji hewa. Spora inafunguka, anazaana, anatoa sumu.

Mzee Kachumbari anauliza mdudu gani anastahimili saa moja na nusu. Ni huyu. Bakteria wenyewe wanakufa kwenye maji ya moto, sumu yao pia inaharibika kwa kuchemshwa, lakini spora hazisikii. Miongozo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema mboga zisizo na uchachu zingehitaji kati ya saa 7 na 11 za kutokota ndipo uwe na uhakika. Ndiyo maana viwandani tunatumia mtambo wa mvuke wa shinikizo unaofika nyuzi 121 au karibu na hapo. Huko ni dakika, si masaa.

Na mfuniko uliobonyea ndani unakuambia kitu kimoja tu: chupa imefunga. Haukuambii kilichofungiwa ni nini.

---

Kachumbari1968 · saa 3:40

Maneno mengi. Bamia kala chupa mbili, mbona yupo hapa anaandika?

---

Ubora_Nyakato · saa 3:48

Yupo kwa sababu si kila chupa inaota, na bamia zake nahisi alizipika tena. Ugonjwa wenyewe ni nadra, sikatai. Lakini ni nadra kama kupigwa na radi ziwani: hakuna anayesimama juu ya mtumbwi kwa sababu jana haikumpiga.

---

TichaFizikia · saa 4:10

Naomba niongeze moja ambalo wa Dar halimhusu sana ila sisi linatuhusu.

Bibi wa YouTube anaposema maji yanachemka, anamaanisha nyuzi 100. Hiyo ni usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Mwanza tunaanzia hapo kwenda juu. Kila ukipanda mita 300, maji yanatokota nyuzi moja chini, kwa makadirio. Piga hesabu: hapa maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96. Ongeza mkaa mpaka sufuria liwe jekundu, yatazidi kutokota tu na kuisha, hayafiki 97. Moto mwingi unaongeza mvuke, hauongezi joto la maji.

Kwa hiyo dada hakuchemsha kwa 100 saa moja na nusu. Alichemsha kwa 96. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na wanafunzi huwa wanauliza litawasaidia nini maishani. Kesho nawapelekea uzi huu.

---

Mtu_wa_Mwaloni · saa 4:15

Kumbe ndiyo maana maharage ya Pasiansi hayaivi! Nilikuwa namlaumu shemeji.

---

BintiKayenze · saa 4:22

Jamani mmenitoa usingizi. Bamia ya mwisho tumekula Jumapili iliyopita, niliitia kwenye mchuzi wa nyama ikachemka kama nusu saa hivi. Tulikuwa wanne na mtoto wa miaka sita. Niangalie nini?

---

Nesi_wa_zamu · saa 5:36 usiku

Mama tulia kwanza. Nusu saa ndani ya mchuzi unaotokota ni muda mrefu kuliko unaohitajika kuharibu hiyo sumu, kwa hiyo uwezekano mkubwa mko salama. Lakini dalili zijue, maana kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 36, ila zinaweza kuchelewa siku kadhaa, hadi kama siku 10.

Msitegemee kuhara na homa. Kutapika na tumbo kuuma vinaweza kuwepo mwanzoni, halafu choo kinafunga. Homa kwa kawaida haipo. Kinachokuja ni hiki: macho yanaona vitu viwili viwili, kope zinalegea zinashuka zenyewe, mdomo unakauka, ulimi unakuwa mzito mtu anaongea kama mlevi, mate na chakula havimezeki. Kisha ulegevu unashuka: shingo, mikono, kifua, miguu. Ukifika kifuani mtu anashindwa kupumua. Na muda wote huo akili yake ni timamu, anawasikia mnavyosema.

Hapo ndipo penye balaa la kwetu. Mtu mzima wa afya, jana alikuwa shambani, leo kope zimeanguka na sauti imekata, hana homa, malaria imepimwa hakuna. Ukoo mzima unasema huyu karogwa. Anapelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba siku mbili tatu, na siku mbili tatu ndizo alizokuwa nazo. Sisemi kwa kumdharau mtu, nimezaliwa Misungwi, najua tunavyofikiri usiku mgonjwa akikata sauti.

Dawa ya kupinga hiyo sumu ipo duniani, lakini inakamata sumu ambayo bado inazunguka kwenye damu. Iliyokwisha kushika neva haiitoi, mgonjwa anasaidiwa kupumua kwa mashine mpaka neva zijirudie, na hiyo inaweza kuwa wiki au miezi. Kwa hiyo ukiona kope na ulimi, nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, na useme ulichokula. Daktari asipoambiwa habari ya chupa atawaza kiharusi.

---

BintiKayenze · saa 5:50

Asante dada nesi. Nimemwamsha mtoto nimemwangalia macho. Amenikasirikia.

---

Ubora_Nyakato · Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Jana nilisahau kisa ambacho kinafanana na kipaimara chako mpaka unaogopa.

Aprili 2015, mji wa Lancaster, jimbo la Ohio, Marekani. Kanisani watu wameleta vyakula kila mmoja chake, kama tunavyofanya sisi. Kulikuwa na saladi ya viazi. Viazi vilikuwa vimefungwa kwenye chupa nyumbani, kwa njia hii hii yako ya kuchemsha chupa kwenye sufuria la kawaida bila shinikizo. Wakaugua watu 29, mmoja akafariki. Na hao ni watu wenye maabara na mashine za kupumulia jirani.

Viazi vilipikwa, ndiyo, lakini vilipikwa kabla. Sumu inatengenezwa baada ya hapo, ndani ya chupa, na saladi haichemshwi tena. Mahindi yako ndiyo hayo hayo. Kwenye bamia, mchuzi ndio umewaokoa.

---

Kachumbari1968 · saa 1:40

Haya basi, nauliza kwa nia njema. Kama sumu inakufa kwa kuchemshwa, si aifungue tu hizo nane, achemshe robo saa, aweke kwenye saladi? Chakula kinatupwaje hivi hivi na watu wana njaa.

---

Ubora_Nyakato · saa 2:05

Swali zuri, mzee wangu, na sikutegemea kutoka kwako.

Ni kweli sumu inaharibika. Wanaohifadhi kwa njia sahihi wanashauriwa, kama tahadhari ya ziada, wachemshe mboga dakika 10 kabla ya kula, na kuongeza dakika moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Mwanza chukua dakika 14 za kutokota kweli, si za kupasha. Lakini hiyo ni kwa chupa iliyotengenezwa sawasawa. Kwa chupa ambayo tunajua haikutengenezwa sawasawa hatuhesabu hivyo. Tangu unafungua mpaka yatokote kuna mikono, kuna kijiko, kuna meza, kuna mtoto anayedokoa, kuna mpishi anayeonja chumvi. Kuonja kwa ncha ya kijiko kunatosha kumlaza mtu. Na sumu yenyewe haina harufu, haina rangi, haina ladha. Zile kesi za kuvimba kama chupa yako ya tisa ndizo zenye huruma, zinapiga hodi. Nyingine hazipigi.

---

MamaPacha_Buhongwa · saa 3:20

Nimesoma huku moyo unadunda. Mimi sifungi mboga kwenye chupa, ila nina watoto wawili bweni. Kila wakifungua shule nawatengenezea pilipili: pilipili mbuzi, saumu, tangawizi, vitunguu, nasaga, nakaanga kidogo, namwagia mafuta mengi juu, nafunga kwenye kopo la plastiki. Mafuta ndiyo yanayohifadhi, ndivyo nilivyofundishwa na mama. Wanakula miezi miwili mpaka mitatu kwenye tranka. Na hii nayo?

---

Ubora_Nyakato · saa 3:58

Mama Pacha, hii ndiyo yenyewe, na kwa Afrika Mashariki naiona kubwa kuliko chupa za dada Kayenze, kwa sababu wanaofunga bamia kwenye chupa ni wachache lakini pilipili ya bweni iko kila tranka.

Mafuta hayaui kitu. Mafuta yanafukuza hewa. Saumu na tangawizi vinatoka udongoni na vina maji ndani yake. Ukivizamisha kwenye mafuta umetengeneza chupa ya kufungwa bila chupa.

Oktoba 2008 jirani zetu Uganda, shule moja ya bweni, wanafunzi watatu walilazwa wamelegea viungo, mmoja akafariki. Vipimo vikaonyesha sumu hii hii, aina A. Wote watatu walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, na wachunguzi waliona hicho ndicho chanzo cha kukisiwa zaidi. Hakikuwa kitu cha ajabu, ni kile ambacho wazazi wengi wa Uganda wanawapakia watoto, na sisi pia.

Nyumbani, saumu mbichi ndani ya mafuta weka kwenye friji na baada ya siku 4 imwage. Ya bweni badilisha kabisa. Kausha pilipili juani, saga iwe unga, changanya na chumvi. Karanga za kukaanga. Dagaa waliokaangwa mpaka wakavunjika, wakavu, bila rojo. Mtoto anayetaka unyevunyevu mnunulie chupa ya chachandu ya dukani yenye siki, akifungua amalize mapema na wenzake, ambao watamaliza wenyewe hata usipowaambia.

---

MamaPacha_Buhongwa · saa 4:06

Nimempigia matron sasa hivi. Amecheka, ila amesema anaenda kuyatoa makopo.

---

Mtu_wa_Mwaloni · saa 4:30

Sasa naacha utani, mnanigusa biashara. Wanja wangu ni dagaa, wakavu, tunaanika kwenye nyavu. Kuna kijana amekuja na wazo la kuwakaanga na kuwafunga kwenye chupa na mafuta, lebo nzuri, tupeleke Dodoma. Vipi? Na senene je, shemeji zangu wa Bukoba wanawafunga kwenye makopo.

---

Ubora_Nyakato · saa 5:02 asubuhi

Mkavu wa kweli, wa kukatika ukimkunja, hana maji ya kumtosha huyu bakteria. Dagaa wakavu na senene waliokaangwa wakakauka, shida yao ni nyingine: unyevu ukiingia, ukungu. Ila ukichanganya dagaa na nyanya au saumu mbichi halafu ukazamisha kwenye mafuta na kufunga, umerudi kwenye pilipili ya Mama Pacha. Huyo kijana mpeleke SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, wana mafunzo ya usindikaji, na bidhaa ya kuuza lazima ipite TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kutoka TFDA.

Kwa wadudu kuna kisa cha Kenya kiliandikwa kwenye jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1980. Watu walikula kumbikumbi waliosafirishwa wamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, wakafa kwa sumu hii. Kumbikumbi tunakula wote ukanda huu. Wabaya hawakuwa kumbikumbi. Ni mfuko uliofungwa, wakiwa na unyevu wao, njiani, kwenye joto. Mwenye kuwatuma kwa basi awakaange wakauke kwanza, awaweke kwenye kitu kinachopitisha hewa.

---

Bwana_Shamba_Usagara · saa 6:11 mchana

Nami nina sufuria ya presha ya kupikia maharage, ya lita saba. Si nitumie hiyo kufungia chupa? Shinikizo lipo.

---

TichaFizikia · saa 6:40

Shinikizo lipo, ila kiasi gani? Kwa mwinuko wetu miongozo inataka uzito wa ratili 15, siyo 10 wanayotumia walio karibu na bahari, kwa sababu hewa yetu yenyewe ni nyepesi. Nyingi za kupikia hazina hata kipimo, zina kile kizito cha kufoka tu.

---

Ubora_Nyakato · saa 6:55

Na hata ungekuwa na kipimo, dakika zilizoandikwa kwenye miongozo zilipimwa kwa vyungu vikubwa vinavyochelewa kupata moto na kuchelewa kupoa. Muda wa kupoa nao ni sehemu ya kuua. Sufuria ndogo inapoa haraka, ukimwagia maji ya baridi ndiyo kabisa. Kwa hiyo kaka Usagara, maharage pika, chupa usifunge.

---

BintiKayenze · saa 8:20 mchana

Mahindi nimekubali. Bamia nimekubali kwa kinyongo. Ila rojo ya nyanya jamani? Chupa 11! Nyanya si ni chachu yenyewe?

---

Ubora_Nyakato · saa 8:47

Hapa pana utata wa kweli, na ningependa kukupa jibu tamu.

Mpaka unaotumika ni uchachu wa 4.6 kwenye kile kipimo cha pH. Chini ya hapo spora haifunguki, na chupa ya kuchemsha kwenye sufuria la kawaida inatosha. Juu ya hapo ni hatari. Nyanya zinakaa mpakani kabisa, kuna zinazoshuka chini na zinazopanda juu, kutegemea mbegu na kuiva. Ndiyo maana hata nyanya tupu tunaziongezea: vijiko 2 vikubwa vya maji ya limao ya chupa kwa kila chupa ya lita moja hivi, kijiko 1 kwa ya nusu lita. Ya chupa, kwa sababu uchachu wake umepimwa. Ndimu za mti wako leo ni kali, mwezi ujao ni maji.

Yako ina vitunguu, hoho, karoti na saumu, vyote vinavuta kwenda upande wa hatari, na limao hukutia. Siwezi kukuambia kula. Ungekuwa umetia siki nyingi ukaifanya achari ningekuambia habari nyingine.

---

Kachumbari1968 · saa 9:02

Sasa mimi nimegeuka. Mama yake Kayenze, tupa. Lakini mtaalamu umesema tupa, tupa, tupa. Mtu wa ziwani asiye na friji afanyeje? Aangalie nyanya zikioza?

---

Ngwana_Magu · saa 9:30 alasiri

Mzee, ngoja nijibu mimi, mwanakijiji.

Watu wanasumbuka na chupa za Wazungu wakati bibi zetu walilimaliza hili kwa jua. Majani ya kunde: chemsha kidogo, bonyeza maji, anika juu ya jamvi au jiwe la moto, yakikauka ni nsansa. Inakaa kiangazi chote, unaipika na karanga, unasahau nyama. Viazi vitamu: kata vipande, anika, michembe. Au chemsha kwanza ndiyo uanike, matobolwa, mtoto anatafuna akienda kuchunga. Bamia ikatwe vipande vyembamba, siku mbili za jua la Magu zinatosha, unaihifadhi kwenye kibuyu. Nyanya zipasue katikati, chumvi kidogo, wavu juu inzi wasikae.

Bibi hakujua spora. Alijua tu kisicho na maji hakiozi. Chupa ya dada ilifanya kinyume, imeyafungia maji ndani.

---

Ubora_Nyakato · saa 9:44

Wabeja sana! Umenifupishia mhadhara wa wiki nzima. Nyongeza yangu ni kwenye kuhifadhi: vikauke kweli, visirudi unyevu msimu wa mvua, la sivyo tunatoka kwenye sumu hii tunaingia kwenye sumukuvu, sumu ya ukungu.

Na kwa wanaopenda chupa: siki yenye asidi asilimia 5, isome kwenye lebo. Karoti, hoho, vitunguu, bamia changa, vyote vinakubali achari, mradi usipunguze siki ya kipimo kwa sababu ni kali mdomoni. Punguza ukali kwa sukari. Mwenye friza anaweza kuzichovya mboga kwenye maji ya moto dakika chache, kuzipoza na kuzigandisha, ila umeme ukikatika siku mbili hiyo ni habari nyingine tena.

---

Mtu_wa_Mwaloni · saa 10:05

Na makopo ya dukani, yale ya maharage na mahindi? Maana sasa naogopa hata duka la Mangi.

---

Ubora_Nyakato · saa 10:12

Ya kiwandani yamepita kwenye shinikizo nililolisema. Lililovimba, linalovuja, lenye kutu ya kutoboa au lililobonyea kwenye mshono, acha dukani. Likirusha mchuzi ukilifungua, usionje.

---

BintiKayenze · saa 12:30 jioni

Nimeamua. Sasa nitupeje? Shemeji anasema mahindi tuwape kuku, Mungu hapendi chakula kitupwe. Na chupa zenyewe nimenunua kwa hela, nisizipoteze.

---

Ubora_Nyakato · saa 12:51

Kuku USIWAPE. Kuku ni wepesi mno kwa sumu hii, shingo zinalegea wanalala kama nguo iliyoloa. Mtapoteza mahindi na kuku.

Hiyo iliyovimba usiifungue na usiichemshe, inaweza kupasuka usoni. Vaa glavu, itie kwenye mifuko miwili, funga, fukia shimo refu ambalo mbwa hafukui.

Zilizobaki, kama unataka kuokoa chupa: glavu, legeza mfuniko taratibu bila kumwagika, laza chupa na mfuniko wake ndani ya sufuria, maji yafunike juu, funika, tokotesha. Miongozo inasema nusu saa, mimi kwa nyuzi 96 zetu nakuambia dakika 45. Zikipoa mwaga shimoni, siyo kwenye sinki wala karibu na ziwa. Osha chupa kama kawaida. Ikidondoka mezani, dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, robo kikombe kwa vikombe viwili vya maji, iloweke robo saa ndiyo ufute. Watoto wawe mbali. Mifuniko usiitumie tena.

---

Nesi_wa_zamu · saa 1:20 usiku

Na mkimaliza msiguse macho kabla ya kunawa. Mtoto yukoje?

---

BintiKayenze · saa 1:26

Mzima, anaruka kamba. Bado hataki kuongea na mimi kwa ajili ya jana usiku.

---

BintiKayenze · Jumapili, saa 3:15 usiku

Mrejesho. Mahindi ya saladi nilinunua mabichi Soko Kuu Jumamosi, nikayachemsha asubuhi ya leo, yakaliwa yote kabla ya misa kuisha kupoa mwilini. Chupa iliyovimba ilipasuka yenyewe ndani ya mifuko Ijumaa nikiwa nachimba shimo, hata sikuwa nimeigusa. Harufu yake nitaikumbuka. Zile nane nilizifungua kwa glavu: saba zilinukia mahindi matamu kabisa, ningezila. Hilo ndilo limenikalia rohoni.

Padre aliposikia aliniomba niwaambie akina mama wa jumuiya habari ya pilipili za bweni. Nilisimama nikatetemeka, nikasema. Wawili walitoka nje kupiga simu.

Sasa nina chupa 33 safi, mifuniko hakuna, na bamia nyingine zimeanza kutoka.

---

Kachumbari1968 · saa 3:22

Chupa unauzaje? Nataka kuanza achari. Siki ninayo, nimesoma lebo, asilimia 5.